Goti la Mbuzi

Msomaji, umewahi kumtazama mbuzi akipanda jabali? Huweka kwato mahali ambapo wewe hungethubutu kuweka kidole, akasimama, akapima kwa jicho, akaruka na kutua juu zaidi, na wala kokoto moja haikuporomoka. Maumbile hayakumpa mbuzi nguvu za nyati wala mbio za swara, lakini yamempa miguu inayoijua kazi yake. Kwa miguu hiyo huyafuata majani kichakani, huyafikia maji ya mbali, na huponyoka meno ya fisi. Mfugaji anayehesabu mali yake kwa vichwa yafaa akumbuke kuihesabu kwa miguu pia. Mbuzi asiyeweza kutembea hawezi kujitafutia chakula. Asiyekula hana maziwa. Na asiye na maziwa hawezi kumlea mtoto wake.

Kuna ugonjwa mmoja unaomnyang'anya mbuzi mwendo wake. Hauji kwa kishindo, wala haumalizi zizi zima kwa majuma machache kama sotoka ilivyowamaliza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Mbuzi mzima, wa umri wa mwaka mmoja au miwili au zaidi, huonekana asubuhi akichelewa kuinuka. Ukimtazama vizuri utaona goti la mbele limevimba kidogo. Siku zinapita, uvimbe unapungua, na mwenyewe anasahau. Kisha uvimbe hurudi, mkubwa na mgumu kuliko kwanza. Hatua za mbuzi hufupika. Hulala kwa muda mrefu. Na kwa kuwa kwato zake hazisuguliwi tena na ardhi, hurefuka na kupinda, na kupinda kwake humzidishia taabu. Nywele hupoteza mng'ao, mbavu huhesabika, ingawa majani yapo tele horini. Mwisho wa yote hupiga magoti na kuenda kwa magoti ndani ya banda, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Ugonjwa huo una nyuso nyingine pia. Mara nyingine kiwele huwa kigumu siku ya kuzaa, na maziwa hayatoki ila kidogo. Na mara nyingine, ingawa ni kwa nadra, huwashika watoto wa umri wa miezi miwili hadi sita: miguu yao ya nyuma hulegea, huyumba, kisha hupooza, ilhali macho yao yangali maangavu na hamu ya kula wangali nayo.

Kabla ya kuendelea, tuseme machache juu ya kiungo chenyewe. Kile tunachokiita goti la mbele la mbuzi, kwa hesabu ya mifupa, ni ndugu wa kifundo cha mkono wako wala si ndugu wa goti lako. Mahali hapo mifupa inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu laini, na kiungo chote kimezungukwa kwa ndani na utando mwembamba unaotoa ute. Ute huo ni kama mafuta katika mashine. Huifanya mifupa iteleze bila kusagana. Katika ugonjwa huu utando hunenepa na kujikunjakunja, ute huzidi na kubadilika, gegedu huliwa kidogo kidogo, na hatimaye chokaa hujikusanya katika nyama zinazokizunguka kiungo, mpaka kiungo hicho hakikunjiki vizuri wala hakinyooki. Basi mbuzi achechemeaye hafanyi hivyo kwa uvivu wala kwa uzee. Kila hatua anayoipiga humgharimu maumivu.

Walakini, usidhani kuwa kila mbuzi anayechechemea ana ugonjwa huu. Mwiba humchechemesha mbuzi. Kwato iliyooza humchechemesha. Kitovu cha mtoto kilichoingia uchafu huweza kupeleka usaha mpaka viungoni. Na wako vijidudu wa namna nyingine wanaovimbisha viungo. Huu tunaouzungumza wataalamu huuita ugonjwa wa viungo na ubongo wa mbuzi, nao huletwa na virusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoweza kuonekana kwa darubini ya shuleni. Ni historia ya ugonjwa huu ninayotaka kukusimulia, kwa sababu ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu anayenunua mnyama, na kila mtu anayepokea kitu kipya kwa furaha.

Historia hiyo haianzi na mbuzi. Huanza na kondoo, tena mbali sana na kwetu, katika kisiwa cha baridi kiitwacho Iceland, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Watu waliohamia kisiwani humo tangu karne ya 9 walikwenda na kondoo wao, na kwa muda wa miaka kama 1,000 kondoo hao walizaliana karibu peke yao, wametengwa na makundi ya dunia kwa maji ya bahari. Bahari iliwalinda, lakini ulinzi huo uliwaacha bila mazoea ya maradhi mengi yaliyokuwa yamewazoea kondoo wa nchi nyingine.

Mwaka 1933 kondoo 20 wa aina ya Karakul waliletwa Iceland kutoka Halle, Ujerumani. Nia ilikuwa njema. Ngozi za wanakondoo wa Karakul zilipendwa sokoni, na ilitumainiwa kuwa damu ya wageni hao ingewaongezea nguvu kondoo wa wenyeji. Wala haikufanywa kwa pupa. Wageni walitengwa kwanza katika kisiwa kidogo kwa muda wa miezi miwili, wakaangaliwa, wakaonekana wazima. Ndipo wakagawanywa katika mashamba 14.

Wahenga wetu wamesema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kondoo wa Iceland mambo yalikuwa kinyume. Haikupita miaka mingi magonjwa mageni yakaanza kuzuka katika mashamba yaliyowapokea wageni na katika mashamba ya jirani. Mmoja ulikuwa ugonjwa wa mapafu ambao wenyeji waliuita maedi, maana yake kuhema kwa taabu. Kondoo aliyeushikwa alibaki nyuma kundi lilipopanda mlima, akahema hata akiwa amesimama, akakonda mpaka akafa. Katika baadhi ya mazizi ulitokea ugonjwa mwingine: kondoo alianza kujikwaa, miguu yake ya nyuma ikalegea, mwendo ukampotea siku baada ya siku, na mwisho akapooza. Huo ukaitwa visna, maana yake kunyauka. Baadaye wataalamu waligundua kwamba maradhi hayo mawili, la pumzi na la mwendo, yaliletwa na virusi vya namna moja.

Zaidi ya kondoo 100,000 walikufa kwa maedi. Watu wa kisiwa hicho, ambao wengi wao walitegemea kondoo kwa chakula na mavazi na fedha, walijenga nyua ndefu za kuigawa nchi ili makundi yasichanganyike. Nyua pekee hazikutosha. Ndipo wakashika shauri chungu: kuyachinja makundi yote katika wilaya zilizoingiliwa na ugonjwa, wagonjwa na wanaoonekana wazima pamoja, kisha kuleta kondoo wapya kutoka sehemu za nchi ambazo ugonjwa haukufika. Kondoo wapatao 650,000 walichinjwa katika kazi hiyo. Kisa cha mwisho cha maedi kilionekana mwaka 1965, miaka 32 baada ya wale wageni kushuka melini.

Msomaji, chukua kalamu ufanye hesabu. Kwa kila kondoo mmoja aliyeletwa, kondoo 32,500 walichinjwa ili kuyaondoa yale aliyokuja nayo, mbali na waliokufa wenyewe. Na wale 20 walipokaguliwa hawakuwa na kikohozi wala kilema.

Swali hilo la ukaguzi ndilo lililomshughulisha Daktari Björn Sigurdsson, mkuu wa kituo cha utafiti cha Keldur karibu na mji wa Reykjavik. Mwaka 1954 alitoa mihadhara katika mji wa London, akaeleza kwamba yako maambukizi ya namna ya peke yake, ambayo aliyaita maambukizi ya polepole. Watu walikuwa wamezoea kugawanya magonjwa mafungu mawili: yale yajayo kwa ghafula na kwisha upesi, na yale yanayokaa muda mrefu bila mpango unaotabirika. Sigurdsson alisema kuna fungu la tatu. Kijidudu huingia mwilini na kunyamaza kwa miezi au miaka. Mnyama hula, hucheza, huzaa. Kisha ugonjwa huanza na kufuata njia yake hatua kwa hatua mpaka mwisho. Kwa hiyo ikaeleweka kwa nini ile karantini ya mwaka 1933 haikufaa kitu. Jicho linalotazama kwa miezi miwili haliwezi kuuona ugonjwa unaongoja miaka miwili.

Sasa tuwarudie mbuzi. Ukiitazama ramani ya Uswisi utayaona mabonde mawili milimani, Saanen na Toggenburg. Mabonde hayo yametoa majina yanayotajwa leo hata vijijini kwetu. Mbuzi wa Saanen ni mweupe, mkubwa na mwenye maziwa mengi. Yule wa Toggenburg ni wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili myeupe usoni. Tangu mwisho wa karne ya 19 sifa za mbuzi hao zilivuka mipaka, nao wakapelekwa katika nchi nyingi za Ulaya, wakapelekwa Marekani, na baadaye wakafika Afrika. Popote walipofika waliongeza maziwa mezani pa watu. Hiyo ni kweli, na haifai kusahauliwa katika habari hii.

Lakini mwaka 1964, katika nchi yao wenyewe ya Uswisi, mtaalamu aitwaye Stünzi pamoja na wenzake waliandika juu ya ugonjwa wa viungo uliokuwa umefanya makao katika mbuzi wa nchi hiyo. Magoti yalivimba, mbuzi walikonda, dawa hazikusaidia. Chanzo hakikujulikana. Wafugaji wengi waliuona kuwa ni ajali ya uzee, au matokeo ya kulala sakafuni penye unyevu, kama vile bibi na babu zetu wanavyolalamika viungo majira ya masika.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, habari nyingine ilitoka Marekani. Linda Cork na wenzake walieleza juu ya watoto wa mbuzi waliopooza, miguu ya nyuma kwanza, kwa sababu ya uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo. Hapo kulikuwa na mafumbo mawili: wazee walioshindwa kutembea kwa sababu ya viungo, na watoto walioshindwa kutembea kwa sababu ya mishipa ya fahamu. Nani angedhani kuwa ni adui mmoja? Jawabu lilipatikana mwaka 1980. Crawford na wenzake, ambao miongoni mwao alikuwamo yule yule Cork, walitoa virusi katika kiungo cha mbuzi mgonjwa, wakaviotesha katika maabara, wakathibitisha kuwa ndivyo viletavyo ugonjwa. Tena virusi hivyo vilikuwa ndugu wa karibu wa vile vilivyowanyausha kondoo wa Iceland. Ukoo wote wa virusi hivyo umepewa jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya polepole.

Baada ya adui kujulikana, ilikuwa rahisi kumtafuta katika damu. Mwili ulioingiwa na virusi hutengeneza askari wa kupigana navyo, na askari hao huweza kuonekana kwa kipimo hata kama mnyama haoneshi dalili yoyote. Mwaka 1981 matokeo ya upimaji wa mbuzi katika majimbo mengi ya Marekani yalitangazwa, na yaliwashtua watu. Katika kila mbuzi 10 waliopimwa, takriban 8 walikuwa na alama ya virusi katika damu yao. Wengi wao walikuwa wazima kwa macho. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema Waswahili. Na kwa mbuzi hawa kilikuwa ndani zaidi ya nguo, kimejificha katika chembe nyeupe za damu, zile zile zilizoumbwa kuulinda mwili.

Je, ugonjwa ulienezwaje kiasi hicho? Hapa ndipo penye uchungu. Mtoto wa mbuzi, kwa kawaida, huzaliwa hana virusi. Huvipata katika tone la kwanza la riziki yake, yaani katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, na katika maziwa yanayofuata. Laiti kila mtoto angalinyonya kwa mama yake tu, mama mgonjwa angaliambukiza watoto wake mwenyewe, na wa jirani yake wangalipona. Lakini katika mashamba makubwa ya kisasa ilikuwa desturi kuwatenga watoto, kuyachanganya maziwa ya mbuzi wote katika chombo kimoja, na kuwanywesha watoto wote kutoka humo. Ilikuwa desturi ya watu wenye bidii. Iliokoa muda, ilihakikisha kuwa hakuna mtoto anayepunjwa, na ilimwezesha mwenye shamba kupima kila kikombe. Na kwa desturi hiyo njema, mbuzi mmoja mgonjwa aliwaambukiza watoto wa shamba zima kwa siku moja. Hakuna aliyekusudia mabaya. Mkono uliomlisha mtoto ndio uliompa kilema, naye hakukionyesha mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Sasa habari yetu inafika nyumbani. Mwaka 1980 mpango wa utafiti wa mbuzi ulianzishwa nchini Kenya kwa ushirikiano wa serikali na vyuo vikuu vya Marekani. Shabaha yake ilikuwa kupata mbuzi mwenye nyama na maziwa kwa ajili ya mkulima mwenye shamba dogo. Damu nne zilichanganywa: ya Toggenburg na ya Anglo-Nubian kutoka ng'ambo, na ya mbuzi wetu mdogo wa Afrika ya Mashariki na ya yule mweupe wa nchi kavu aitwaye Galla. Wakati huo huo wataalamu wa nchi mbalimbali walikuwa wakikusanya damu ya mbuzi ulimwenguni ili wajue ugonjwa umefika wapi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1984. Katika Marekani, Kanada, Ufaransa, Norwei na Uswisi, zaidi ya mbuzi 65 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na alama ya virusi. Katika Kenya walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Na hao wa Kenya walikuwa mbuzi walioletwa kutoka nje, au waliokuwa wamekaa pamoja na hao walioletwa.

Yatafakari hayo, msomaji. Yule mbuzi wetu mdogo, ambaye mara nyingi hudharauliwa kwa uchache wa maziwa yake, hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa na taabu zake nyingine, minyoo na kupe na homa za mapafu, wala sisemi kwamba ni mnyama asiyeugua. Lakini huo wa magoti haukuwa wake. Ulikuja kwa meli na kwa ndege, ndani ya mnyama mzuri aliyenunuliwa kwa bei kubwa. Nayo desturi ya wafugaji wetu wengi, ya kumwacha kila mtoto amnyonye mama yake, yamkini ilisaidia kuuzuia usienee haraka.

Je, basi wageni hao wafukuzwe? La. Katika miaka ya 1990 mbuzi wa Toggenburg walipelekwa Meru na Tharaka, na mbuzi wa Alpine kutoka Ujerumani wakaenea Nyeri na sehemu za jirani. Na nyumba nyingi ambazo hazikuwa na nafasi wala majani ya kumlisha ng'ombe zilipata maziwa ya watoto kutokana na mbuzi hao, na fedha za karo pia. Huenda wewe unayesoma ukurasa huu umesomeshwa na mbuzi wa namna hiyo. Kumkataa mgeni kwa sababu mgeni mmoja alikuja na ugonjwa ni ujinga kama ule wa kumkaribisha kila mgeni bila kumwuliza atokako. Lililo jema ni kujua namna ya kupokea.

Namna hiyo ipo, na wako waliokwisha kuifuata. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana, wala chanjo ya kuukinga haipo. Lakini kwa kuwa njia yake kubwa ni maziwa, waweza kuuzibia njia. Mfugaji hukesha bandani siku ya kuzaa. Mtoto anapotoka humpokea mikononi kabla hajalambwa na mama yake, humpangusa, na kumpeleka katika banda jingine. Humnywesha dang'a ya ng'ombe, au dang'a ya mbuzi iliyopashwa moto wa nyuzi 56 za Selsiasi kwa muda wa saa nzima. Moto huo unatosha kuviua virusi, wala hauigandishi dang'a. Ukizidi sana dang'a huganda kama uji na nguvu yake ya kumkinga mtoto huharibika. Baada ya hapo hupewa maziwa yaliyochemshwa. Watoto waliolelewa hivyo hutengwa na wakubwa, hupimwa damu mara kwa mara, na pole pole kundi jipya lisilo na ugonjwa huchukua mahali pa kundi la zamani.

Uswisi, nchi iliyotoa mbuzi hao na iliyoandika juu ya magoti yao mwaka 1964, ilianza kazi hiyo katika miaka ya 1980. Zaidi ya nusu ya mbuzi wake walikuwa na virusi. Kufikia mwisho wa karne ya 20 walikuwa wamepungua mpaka takriban 1 katika kila 100. Norwei nayo ilianza mpango wake mwaka 2001, na mamia ya wafugaji wake wakawatoa mbuzi wazee walioambukizwa na kuanza upya na watoto waliopokewa kwa mikono. Linganisha hayo na habari za Iceland. Huko watu walipigana na adui wasiyemjua, nao wakalazimika kuchinja makundi ya wilaya nzima. Hawa walipigana na adui aliyejulikana njia yake, nao wakamshinda kwa sufuria, kipimajoto na usiku wa kukesha. Tofauti ya mambo hayo mawili ni maarifa, na maarifa hayo yalinunuliwa kwa kondoo wa Iceland.

Maarifa hayo yalifaa hata mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Virusi vya UKIMWI vilipogunduliwa mwaka 1983, ilidhihirika kuwa navyo ni wa ukoo ule ule wa polepole, vinavyoingia katika walinzi wa mwili na kungoja miaka. Usielewe vibaya: virusi vya mbuzi havimwambukizi mtu ugonjwa huu, na mtu anywaye maziwa yaliyochemshwa hana cha kuogopa. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba wale waliokuwa wakichunguza kondoo wanaojikwaa na mbuzi wanaotembea kwa magoti, kazi ambayo wengi wangeiona kuwa ndogo, walikuwa wakiwaandalia njia madaktari wa wanadamu bila kujua.

Sasa nakuachia shauri. Iko siku, huenda karibu, utakapokwenda sokoni au kwa jirani kununua mbuzi wa maziwa, kwa fedha zako au za mzazi wako. Utaonyeshwa kiwele kikubwa na manyoya yanayong'aa. Kitazame kiwele, kisha shuka chini uyatazame magoti. Yashike kwa mikono miwili, yalinganishe, umtembeze mbuzi mbele yako katika ardhi ngumu. Kisha usiridhike na hayo, kwa maana umekwisha kusoma kwamba macho hudanganywa. Uliza mama yake ni nani na hali yake ikoje. Uliza alilelewa kwa maziwa ya nani. Mwulize daktari wa wanyama kama damu yake yaweza kupimwa. Ukifika naye nyumbani, usimchanganye siku hiyo hiyo na wale ulio nao, wala usichanganye maziwa yake na ya wengine kwa ajili ya kuwalisha watoto. Na uwe na daftari. Andika kila mbuzi na mama yake, siku aliyozaliwa, maziwa aliyonywa, siku aliyochechemea kwa mara ya kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ugonjwa unaochukua miaka miwili kuonekana hauwezi kufuatwa na kumbukumbu ya kichwani.

Mfugaji mwenye subira kuliko ugonjwa ndiye atakayeushinda. Na alfajiri moja atasimama mlangoni mwa banda lake, atafungua kitasa, na mbuzi wake watatoka wote kwa miguu yao, mkubwa na mdogo, wakielekea mlimani bila hata mmoja kubaki nyuma.